Mlango Uliofunguliwa Baada ya Mauti



Huko Unguja liko jumba kubwa jeupe lielekealo bahari. Lilijengwa upya baada ya mizinga ya Waingereza kuyavunja majumba ya Sultani tarehe 27 Agosti 1896, likawa jumba la masultani hata Mapinduzi ya Januari 1964. Mwaka 1994 likafanywa nyumba ya makumbusho. Na ndani yake kilitengwa chumba kimoja kwa kumkumbuka binti wa jamaa ile, jina lake Salme.

Huyu alikuwa binti wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844. Alipendana na mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete, na mwaka 1866 akatoroka Unguja. Mwaka 1867 alibatizwa huko Aden, akaitwa Emily, akaolewa, akaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa, akamwacha na watoto wadogo watatu katika nchi ya ugeni. Mwaka 1885 alirudi Unguja kudai urithi wake. Lakini ndugu yake Barghash, aliyekuwa Sultani, akakataa kumpokea. Kweli, manowari za Kijerumani zilikuwapo bandarini, na Wajerumani walikuwa na makusudi yao wenyewe. Hofu ya Barghash haikuwa bila sababu. Salme akaja tena mwaka 1888, akarudi mikono mitupu. Alikufa Ujerumani mwaka 1924, na kaburi lake liko Hamburg.

Basi twauliza: Je, chumba kile kimelipa deni lake? Wako watakaosema, Ndiyo, maana sasa jina lake latajwa kwa heshima mahali palipokuwa na nyumba za baba yake. Nasi hatukidharau chumba kile, kwa maana chawafundisha watoto mambo ambayo wazee wangaliyaficha. Walakini tuangalie vema ni nani aliyekifungua. Si Barghash; yeye alikufa mwaka ule ule wa 1888. Wala si jamaa yake. Wao nao walikuwa wamekwisha kutoka katika jumba lile. Waliokifungua ni watu wengine, wasiokuwa na ugomvi naye. Aliyefunga mlango hakuufungua, wala aliyebisha hakuingia. Kupatana ni kazi ya wawili, na hao wawili wamelala.

Bwana wetu aliwakemea watu waliopamba makaburi ya manabii waliouawa na baba zao. Kosa lao si kupamba. Kosa lao ni kudhani ya kuwa kwa kupamba wamekuwa wenye haki. Nasi twafanya yayo hayo. Binti ameolewa na mtu asiyetakiwa na wazazi, au ndugu ametengwa na ushirika. Miaka yapita, wala hakuna amwendeaye. Siku ya kufa kwake laletwa jeneza zuri, na maneno matamu yasemwa, ambayo yeye hakupata kusikia hata moja. Sisi wachungaji tumesimama penye makaburi ya namna hiyo, tukayasema.

Kumtenga mtu huenda ikawa lazima. Kumwacha si lazima kamwe. Basi, ewe msomaji, kama yuko mtu uliyemfungia mlango, mwendee kabla hujaleta sadaka yako Jumapili ijayo. Watoto wako wataweza kuitundika picha yake ukutani. Kumfungulia mlango hawataweza kwa niaba yako.