Mefiboshethi Alikuwa na Shamba



Swali langu ni hili: mtu mwenye ulemavu katika makazi yetu tunamsaidia kwa sababu tunamhurumia, au tunampa kilicho chake? Wengine watasema hakuna tofauti, mradi amekula. Tofauti ipo, na Neno la Mungu linatuonyesha.

Mefiboshethi mwana wa Yonathani hakuzaliwa kiwete. Ukisoma 2 Samweli 4:4 utaona kwamba alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Yaya wake akambeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, miguu yote miwili ikalemaa. Sisi tuliokimbia hatuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Wako kati yetu walioumizwa kwa risasi, na wako walioanguka njiani usiku.

Wahubiri tunapenda sana sura ya 9, pale Daudi anapomketisha mezani pake. Lakini tusome vizuri. Katika mstari wa 7 Daudi anataja mashamba ya Sauli kabla ya kutaja meza. Meza ilikuwa ukarimu wa mfalme. Shamba lilikuwa urithi wa Mefiboshethi mwenyewe.

Shamba hilo liliwekwa mikononi mwa Siba, alilime kwa niaba yake. Katika sura ya 16 Siba anamsema vibaya bwana wake, naye mfalme anampa mali yote bila kumwuliza mwenyewe. Mefiboshethi anapopata nafasi ya kujieleza, sura ya 19, mfalme anaamua shamba ligawanywe kati yao wawili. Tafakarini, wapendwa: Daudi alikuwa na huruma, lakini haki ilipotea kwa sababu alisikilizwa mwingine.

Siba yupo hata kwetu. Kadi ya chakula ya kipofu inashikwa na jirani, na mwenye kadi hajui siku ya mgao kimetoka kiasi gani. Mambo ya kiziwi yanaamuliwa barazani bila mtu wa kumfasiria kwa ishara. Mtoto anafichwa ndani asiandikishwe shuleni, wazazi wakiogopa kuchekwa. Mwanamke mwenye ulemavu wa akili akitendewa ubaya, watu wanasema ushahidi wake haufai. Sisemi kila anayesaidia ni mwizi. Wengi wanabeba mzigo huo kwa uaminifu, na Mungu anawaona. Nasema tusimfanye mtu awe kimya katika mambo yake mwenyewe.

Sheria nayo imesema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Uganda, nchi iliyotupokea, iliuridhia mwaka 2008, na mwaka 2020 ikatunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Burundi iliuridhia mwaka 2014, na Kongo ikajiunga mwaka 2015. Kifungu cha 11 kinazitaka nchi ziwalinde watu hawa wakati wa vita na maafa. Kifungu cha 12 kinasema wao ni sawa na wengine mbele ya sheria.

Ndugu mmoja ataniambia: Mchungaji, kanisa ni mahali pa upendo, mambo ya haki waachie wanasheria. Namjibu hivi: sisi wakimbizi, mtu akituambia tunaishi hapa kwa hisani tu, tunaumia. Tunamkumbusha kwamba upo Mkataba wa 1951. Je, tunachokidai ofisini tutamnyima jirani wa nyumba ya tatu?

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Ni onyo la kweli. Lakini hata kama ningejua kwamba mimi sitalemaa kamwe, cha jirani kingebaki kuwa chake. Huruma huchoka njaa inapozidi. Haki haingoji moyo wangu uwe mwema.

Basi tuanze na jambo dogo. Anayempokelea mwenzake chakula au pesa, amhesabie mwenyewe mkononi, mbele ya shahidi. Baraza likikaa, la ndugu mwenye ulemavu lisiamuliwe kabla yeye hajaulizwa. Na kanisani, tusimwombee tu mtu huyo. Tumpe nafasi naye aombe, afundishe, ashike hesabu ya sadaka.

Bwana atupe masikio ya kusikia. Amina.