Jeraha Lifungwe Njiani

Wapendwa katika Bwana, na hasa ninyi madaktari na wauguzi wa zamu za dharura, mnamkumbuka Msamaria Mwema. Kabla hajamfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, alimwinamia palepale njiani, akammiminia mafuta na divai, akamfunga jeraha. Hakumwelekeza kwa kidole akapita.

Sasa mtazameni kijana anayeshushwa kwenye bajaji usiku, midomo imebadilika rangi, unga wa heroini umemkata pumzi. Mnamchoma nalokisoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, anafumbua macho. Bwana asifiwe! Lakini arosto imeshamshika: anapiga miayo, kamasi na machozi yanamchuruzika, vinyweleo vimesimama, tumbo linamsokota. Nanyi mnampa karatasi: kesho nenda kliniki. Ndugu zangu, mwenye arosto hana kesho! Kete inamngoja nje ya geti.

Dawa ipo. Buprenorfini huwekwa chini ya ulimi arosto ikishajitokeza, ikashika mwilini palepale heroini iliposhika, na mateso yakatulia. Kule New Haven, Marekani, Daktari Gail D'Onofrio na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 329 wa dharura, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Siku ya 30, kati ya kila 100 waliopewa rufaa tu, 37 walikuwa kwenye matibabu. Kati ya kila 100 walioanzishiwa dawa palepale, walikuwa 78! Mwishoni mwa mwaka 2022 nchi hiyo ikafuta sharti la kibali maalumu lililowazuia madaktari wengi kuiandika.

Msiseme ni kubadilisha unga kwa unga. Unga humwamsha mtu alfajiri akaibe sufuria ya mama yake. Dozi sahihi humwamsha akaoge, anywe chai, atafute kibarua.

Nyumba ya wageni hapa Tanzania tunayo: Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa nyingine ya tiba hii, mwaka 2011, na kliniki nyingine zikafuata. Kinachovuja ni njia ya kufika huko. Wakuu wa hospitali, iwekeni dawa kwenye kabati la dharura, wafundisheni watu wa zamu! Nawe muuguzi, usiku wa leo akishushwa mwingine, usimwite teja. Mwite kwa jina lake. Pimeni arosto yake, mpeni dozi ya kwanza, na asubuhi mtu amsindikize hadi dirisha la kliniki. Mwenye nyumba ya wageni atampokea. Ila afike jeraha likiwa limefungwa.

Amina.