Mbweha wa Mjomba: Tohara Yake na Haki Yake



Wiki chache zilizopita, baada ya darsa la Jumamosi msikitini kwetu hapa Dar es Salaam, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinisubiri mlangoni. Alitoa simu akanionyesha video aliyotumiwa na mjomba wake anayefanya kazi Muscat. Ndani yake alikuwamo mnyama mdogo kuliko paka, rangi ya mchanga, masikio makubwa kupita kichwa chake, anazunguka sebuleni juu ya zulia. Ni mbweha wa jangwani, yule ambaye Waarabu humwita fanak. Mjomba alikuwa amemnunua.

"Ustaadh," akasema, "huyu ni najisi kama mbwa? Mjomba anampakata, na kanzu ni hiyo hiyo anayoswalia."

Jibu la kifiqhi halikunichukua muda. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani hii tunayafuata, kila mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe na kinachozaliwa nao. Mbweha hayumo. Wanachuoni wa madhehebu haya wameruhusu hata kumla, ingawa wenzao wa Kihanafi wamekataza kwa kuwa ni katika wanyama wenye chonge. Mkojo wake ni jambo jingine: huo ni najisi, na mbweha ana tabia ya kuweka alama kwa mkojo kila anapopita. Kwa hiyo kanzu isalimike, zulia liangaliwe.

Kijana alifurahi akaondoka. Mimi ndiye niliyebaki na uzito kifuani, kwa sababu nilijua kwamba nimejibu swali dogo na kuliacha kubwa.

Nieleze kwa nini. Mimi ni mtu wa Kondoa. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, mimi na binamu zangu tulifukua shimo la mbweha porini. Alikuwa ni yule mbweha mwenye masikio makubwa ambaye watalii humpiga picha Serengeti. Mkubwa mmoja alichomoka shimoni, akakimbia kidogo, kisha akasimama mbali anatutazama. Hakuondoka. Tulitoka na kitoto kimoja. Nilipokuja kusoma habari za wanyama hawa ukubwani ndipo nikajua kwamba kwa mbweha wa aina hii baba ndiye anayekaa na kulinda watoto wakati mama anatafuta chakula. Huenda aliyekuwa amesimama pale akituangalia alikuwa baba.

Nilimfunga kamba ya katani kwenye mpera uani. Nilimpa ugali, maziwa, na vipande vya nyama nilivyojinyima mwenyewe. Usiku kucha alikuwa akifukua chini ya mti mpaka kamba inamkaba. Siku ya kumi na moja nilimkuta amekufa. Kumbe chakula chake kikubwa ni mchwa, wale wanaotoka usiku kukata majani makavu, na mimi nilikuwa nikimlisha chakula changu. Nililia sana. Bibi yangu hakunibembeleza. Aliniuliza tu, "Na mama yake, naye unafikiri analia wapi?"

Mpaka leo nikisimulia darasani hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, sauti hunikwama. Tumezoea kumfikiria yule mwanamke kuwa katili mwenye chuki. Lakini hadithi haisemi kwamba alimchukia paka. Inasema alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie katika wadudu wa ardhi. Mimi nilimpenda yule mbweha. Mapenzi yangu hayakumfaa kitu.

Najua kuna atakayenijibu kwa kisa cha Abu Umayr, na ni haki yake. Yule mtoto wa Madina alikuwa na kindege anachocheza nacho, na Bwana Mtume (s.a.w.) hakumkataza, kilipokufa alimtania kwa upole na kumuuliza habari zake. Mwanachuoni wa Kishafi, Ibnul Qaass, wa karne ya 4 Hijria, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hiyo fupi akitoa ndani yake mafunzo yapatayo 60. Miongoni mwa waliyochukua wanachuoni humo ni kwamba kumweka ndege nyumbani inajuzu. Sipingi, na wala sithubutu kuharamisha ambacho sheria haikuharamisha. Lakini wanachuoni hao hao waliweka sharti la kumlisha na kutomtesa. Na katika hadithi nyingine, Maswahaba walipochukua makinda ya ndege mmoja porini, mama yao akaja anapapatika, Bwana Mtume aliuliza ni nani aliyemhuzunisha huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Tuzisome zote mbili pamoja.

Basi mzozo wote uko kwenye neno "kutomtesa". Kumtesa kuku tunakujua. Kumtesa mbweha wa jangwani ni kufanya nini? Mnyama huyu ana uzito wa kilo moja hadi moja na nusu. Ameumbwa kwa ajili ya Sahara: nyayo zina manyoya ya kukanyagia mchanga wa moto, na masikio, yanayofika sentimita 15, humpunguzia joto na kumsikilizisha mdudu aliye chini ya ardhi. Hulala mchana shimoni, huamka usiku, huchimba, na huishi na jamaa zake. Ukimweka peke yake kwenye sakafu ya marumaru, ukamwasha taa na kumwamsha mchana ili wageni wamwone, umemnyima karibu kila alichopewa na Mola wake, hata kama sahani yake imejaa nyama. Suratul An'aam, aya ya 38, imewataja wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wetu. Umma una maisha yake, hauna tumbo tu.

Watu husema, "Lakini amezoea." Kuzoea si sawa na kuwa mnyama wa kufugwa. Paka amekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka. Kwa mbweha, mtaalamu wa Kirusi Dmitri Belyaev alianza kazi huko Siberia mwaka 1959, akichagua katika kila kizazi wale tu wasioogopa watu na kuwazalisha. Ilichukua vizazi kadhaa kupata wanaotikisa mkia wakimwona mtu, na kazi hiyo imeendelea kwa miongo mingi. Yule wa sokoni hakupitia hayo. Ni mnyama wa porini aliyechoka kukimbia, au aliyezaliwa kwenye tundu akiwa na silika zile zile za wazazi wake. Muuzaji atakuapia kwamba huyu kazaliwa tunduni, na wewe huna njia ya kujua. Kila unayemnunua, mtegaji anaambiwa kwamba soko lipo. Watoto wa duma wanaosafirishwa kwa magendo kutoka Pembe ya Afrika kwenda Ghuba wanakwenda kwa sababu hiyo hiyo.

Na huku kwetu asijidanganye mtu: kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini ni mali ya umma, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa.

Jumamosi iliyofuata nilimwita yule kijana nikamwomba nizungumze na mjomba wake. Nilijiandaa kumwambia amwache aende zake. Mjomba alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Sheikh, nimwache wapi?" Nikanyamaza. Huku si kwao. Hajui kuwinda, hana jamaa, na mbwa wa mitaani watamaliza kazi usiku wa kwanza. Yule paka wa hadithi angeachwa angekula wadudu wa ardhi, lakini huyu tumemfikisha mahali ambapo kumwachia nako ni kumuua.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Imam Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria. Katika kuorodhesha haki za mnyama kwa mwenye kumiliki, alitaja kumtunza hata akizeeka au akiugua kiasi kwamba hana tena manufaa. Mbweha wa jangwani anaweza kuishi miaka 10 na zaidi akiwa mikononi mwa watu. Nikamwambia mjomba kwamba hilo sasa ni deni lake. Atafute daktari wa mifugo anayewajua wanyama hawa, maana mbweha ni jamaa ya mbwa na hupata kichaa cha mbwa. Aulize sheria za nchi aliyomo. Asimlishe mabaki ya biriani. Anahitaji wadudu, nyama na mayai. Amtengee chumba chenye mchanga wa kutosha kuchimba, mchana amwache alale, na mkataba wake wa kazi ukiisha asimtupie mtu wa kwanza anayemtaka kwa ajili ya picha. Na asinunue mwingine, wala asimsifie mnyama huyu kwa marafiki.

Alikubali, ingawa sikumsikia akifurahi. Aliniambia alimnunua kwa sababu ya upweke, miaka minne hajaiona familia yake. Sikuwa na la kumjibu juu ya hilo, na nakiri kwamba lilinigusa kuliko hoja zote.

Jumamosi iliyopita kijana alinionyesha video nyingine. Chumba cha nyuma, sanduku kubwa la mbao limejazwa mchanga, saa nane za usiku. Yule mnyama anachimba kwa miguu yote miwili, mchanga unaruka mpaka ukutani, na nyuma ya simu anasikika mjomba akilalamika kwamba siku hizi hapati usingizi.

Nikamwambia kijana amwambie avumilie.