Uhalali wa Samaki na Uharamu wa Baruti



Na ijulikane kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii samaki ni halali bila ya kuchinjwa, hata akikutwa amekufa anaelea. Mahanafi ndio wamkataao huyo aeleaye. Kwa ukunjufu huu baadhi ya wavuvi wa pwani ya Tanzania walijitafutia hoja, wakasema: ikiwa mfu wa bahari ni halali, kumwua kwa baruti kuna kosa gani? Hoja hii ni mbovu, na ubovu wake huonekana katika kiwiliwili cha samaki mwenyewe.

Changu na chewa wamepewa pulizo la hewa chini ya uti wa mgongo. Kwa hilo samaki husimama katikati ya maji, asizame wala asielee, kama jahazi iliyopakiwa kwa kipimo. Mkia humsukuma na mapezi humgeuza. Ubavuni ana mstari wa vitundu vidogo vidogo, kwavyo huhisi mtikisiko wa maji. Masikio yake yamo ndani ya fuvu, na mna vijiwe vyenye mizunguko ambayo wataalamu huihesabu wakajua umri wake. Papa hana pulizo. Badala yake ana ini kubwa lenye mafuta mepesi kuliko maji, na ndiyo hiyo sifa wanayopakia watu wa vyombo tangu zamani, wala wengi hawakuuliza papa aliihitajia nini. Subhanallah!

Baruti ipasukapo, pigo lake hupita majini upesi kuliko lipitavyo hewani. Nyama ya samaki inakaribia kuwa sawa na maji, basi pigo huipenya. Likifika penye hewa, pulizo hupasuka, mishipa ya damu hukatika, na mbavu huvunjika. Na pulizo likishapasuka, samaki wengi huzama. Mvuvi huokota wachache, waliobaki wakaoza chini. Vitoto ambavyo wavu wa macho makubwa ungaliviacha hufa pamoja na wazazi. Na matumbawe yaliyokuwa makazi yao huwa kokoto zinazoyumba kwa kila wimbi, wala chipukizi halipati pa kushika. Serikali ya Tanzania ilikataza uvuvi huu tangu mwaka 1970.

Uhalali wa nyama ni jambo moja, na uhalali wa kitendo ni jambo jingine. Mbuzi akichinjwa kwa masharti yake kwa kisu cha wizi, hawi nyamafu; lakini mwizi hatoki katika dhambi. Na Mtume ameamrisha wema hata kwa mnyama achinjwaye, akakataza madhara na upotezaji wa mali. Isitoshe, mwamba si milki ya mtu mmoja: jirani aendaye na dema au mshipi akirudi mtupu, haki yake imeliwa na nani?

Amebaki mnunuzi. Nyama hiyo si haramu kwa dhati yake, lakini amnunuaye samaki kwa mlipuaji huku akijua amemsaidia katika maasia. Na kujua si kuzito: afunguapo tumbo akakuta damu imevia na mbavu zimevunjika, wala hapana alama ya ndoana wala ya wavu, hana udhuru wa kurudi kwa muuzaji yule siku ya pili.