Achezaye Ugenini

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Je, achezaye ugenini atunzwe na nani? Sisi wa Mayfair, Johannesburg, tumezoea kumtunza mwimbaji wa taarabu papo hapo. Tulipokwenda ukumbi wa Linder kusikiliza fidla nne, kubwa kwa ndogo, ukimya wa wasikilizaji tuliudhania ubahili. Kumbe tunzo ilikwisha kutolewa! Johannesburg Musical Society, iliyoanzishwa 1902, ilijengwa na wanachama waliolipia msimu mzima kabla ya kusikia chochote. Sisi hungoja tufurahishwe kwanza. Ndiyo maana wapiga udi wetu huku wanazeeka bila wanafunzi. Wahandisi tunajua: msingi hugharimiwa kabla nyumba haijaonekana. Basi tuchange mapema, hata kwa muziki ambao bado haujapigwa.