Haki ya Kuamini Kwamba Gari ni Zima

Mfumo wa maji ya waipa ni miongoni mwa sehemu za gari zinazosahaulika upesi. Tangi likikauka, injini haigomi na breki hazilegei, na katika magari mengi hata dashibodi haionyeshi kitu. Uvujaji unaweza kukaa miezi bila kuguswa, na mwenye gari akaendelea kuamini kwa moyo mweupe kwamba gari lake ni zima. Hapo ndipo linapozuka swali la kifalsafa: je, mtu ana haki ya kuamini jambo asilolikagua, ikiwa usalama wa wengine unategemea jambo hilo?

Mwanahisabati Mwingereza William Kingdon Clifford alilijadili swali hili katika insha yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli chakavu iliyokuwa karibu kung'oa nanga ikiwa na wahamiaji. Mtu huyo aliingiwa na shaka, lakini akajituliza kwamba meli ilikwisha kupita dhoruba nyingi, na kwamba Mungu hataziacha familia zilizomo. Meli ikazama. Clifford anamtia hatiani, kisha anaubadilisha mfano: tuseme meli ilifika salama. Hatia iko palepale, maana haikutokana na kuzama. Ilitokana na namna imani yenyewe ilivyopatikana, yaani kwa kuizima shaka badala ya kuichunguza.

Gari la familia ni chombo kidogo, lakini hukumu hiyo inalihusu. Lori likipishana na gari dogo kwenye lami iliyolowa, hurusha matope yanayoweza kuziba kioo chote cha mbele mara moja. Waipa zikipita bila maji huyapaka matope hayo kila upande. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde ya kutoona ni mita 22 za barabara. Watoto walioketi nyuma hawakuulizwa kama tangi lina maji, na wasingejua pa kuangalia. Kama wale wahamiaji, wamemwachia mtu mmoja kazi ya kujua kwa niaba yao.

Kujua huku kunahitaji uangalifu, kwa kuwa maji yaliyo chini ya gari yanaweza kusingizia. Maji safi yanayodondoka baada ya safari ya mchana mara nyingi ni unyevu wa hewa uliogeuka matone ndani ya kiyoyozi, na hiyo si hitilafu. Kimiminika cha kijani au cha waridi kinachoteleza vidoleni huenda ni kulanti ya rejeta, na hilo ni tatizo zito zaidi. Maji ya waipa yaliyotiwa sabuni hutambulika kwa povu lake. Hata yakishatambuliwa, mahali yanapodondokea si lazima pawe ndipo yanapotokea: hutiririka juu ya bodi na nyuma ya madigadi kabla ya kufika chini.

Mwanafalsafa John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza njia ya kuvuka ugumu wa namna hii. Hali mbili zikilingana katika kila kitu isipokuwa kimoja, na tokeo likaonekana katika hali moja tu, basi kile kinachozitofautisha ndicho chanzo au sehemu ya chanzo. Kwa gari, kinachotofautisha ni pampu. Tangi hujazwa, kimo cha maji hutiwa alama ya kalamu ubavuni, gazeti kavu hutandikwa chini, na gari huachwa usiku kucha bila kubonyeza swichi ya maji. Kukipambazuka gazeti likiwa kavu, swichi hubonyezwa huku mtu mwingine akitazama chini ya boneti. Matone yakianza hapo, kasoro iko mbele ya pampu: mpira uliopasuka au kiungo kilichochomoka karibu na bawaba ya boneti. Lakini kama maji yameshuka bila pampu kuguswa, wa kushukiwa ni tangi lenyewe, sili ya raba inayoshika pampu chini yake, au sehemu ya mpira iliyo chini ya kimo cha maji. Maji yakishuka hadi mahali fulani kisha yakakoma, hicho ndicho kimo cha kutafuta ufa.

Matengenezo hufuata ushahidi. Ncha ya mpira iliyochanika hukatwa, kisha mpira huchomekwa upya ikiwa urefu unatosha. Uliokakamaa kwa joto la injini hubadilishwa wote. Sili iliyosinyaa hutolewa pamoja na pampu, na mpya hupakwa maji ya sabuni ili iingie bila kujikunja. Tangi lililopasuka ni heri libadilishwe, kwani plastiki ya matangi mengi haishiki gundi za kawaida.

Wapo watakaosema kwamba safari huwekwa mikononi mwa Mungu, na kwamba ukaguzi wa namna hii ni upungufu wa imani. Mafundisho ya dini hayaungi mkono hoja hiyo. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au atawakali tu aliambiwa afanye yote mawili, na kufunga kukatajwa kwanza. Katika Injili, Yesu anakataa kujirusha kutoka kwenye kinara cha hekalu, kwa sababu kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Tawakali huanzia pale uwezo wa mtu unapokoma, na kufungua boneti kumo ndani ya uwezo huo.

Pingamizi zito zaidi lilitolewa na Mmarekani William James mwaka 1896. Alimjibu Clifford kwamba yapo mambo ambayo ushahidi hauwezi kuyaamua, na ambayo kukataa kuchagua nako ni kuchagua. Hapo mtu ana haki ya kuamini kabla ya kuthibitisha. Hoja hii ina uzito katika imani ya dini na katika urafiki, lakini haimwokoi mwenye gari. Swali la tangi linaamuliwa kwa kalamu na gazeti, na ushahidi unapopatikana kwa urahisi kiasi hicho, kutoutafuta ni uzembe.

Haki ya kuamini inapatikana jaribio lilelile likirudiwa baada ya matengenezo na alama ya kalamu ikabaki ilipokuwa. Nayo ina mipaka: inahusu tangi, pampu na mipira iliyojaribiwa, si breki wala tairi, na inadumu hadi raba itakapochakaa tena.