Mwaminifu katika Senti Kumi

Masomo: Nehemia 5:1–13, Mithali 22:1, Luka 16:10–12



Masomo ya leo yanagusa jambo ambalo hata kanisani tunalizungumza kwa sauti ya chini: pesa, na hasa madeni. Nehemia hakunong'ona. Alipowasikia watu wakilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao, na watoto wao wanatiwa utumwani, alikasirika, akawakusanya wakubwa na kuwadai warudishe. Tuangalie vizuri: waliowakandamiza wale maskini hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu zao wenyewe.

Tulitafakari neno hili pamoja na maisha ya mtu mmoja wa mji mdogo. Alphonse Desjardins alizaliwa mwaka 1854 huko Lévis, Kanada, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Quebec. Alikuwa Mkatoliki mcha Mungu, mume wa Dorimène na baba wa watoto 10. Hakuwa tajiri. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuandika hotuba za wabunge kwa hati mkato katika Bunge la Kanada, mjini Ottawa.

Mwaka 1897, bungeni humo, mbunge mmoja alieleza habari za mtu wa Montreal aliyekopa dola 150, akaishia kudaiwa riba ya dola 5,000. Neno hilo lilimwingia Desjardins moyoni. Alisoma habari za vyama vya kuweka na kukopa vya Ulaya, akawaandikia barua wenye ujuzi, akauliza maswali. Desemba 1900 yeye na majirani zake wakaanzisha chama chao. Tarehe 23 Januari 1901 wakaanza kupokea akiba. Mtu wa kwanza aliweka senti 10. Jumla ya siku ile ilikuwa dola 26.40.

Senti kumi! Lakini Bwana Yesu anatufundisha katika Luka kwamba anayeaminika kwenye kidogo ndiye anayeaminika kwenye kikubwa. Desjardins aliandika senti zile kitabuni kwa uangalifu, kwa sababu nyuma ya kila senti kulikuwa na jasho la mtu.

Nyumba yake ndiyo ikawa ofisi. Alipokwenda Ottawa kwa vikao vya Bunge, Dorimène alibaki na watoto, na pia na vitabu vya hesabu na wateja mlangoni. Na miaka ile haikuwa rahisi. Hadi mwaka 1906 hapakuwa na sheria ya kukilinda chama. Fedha za watu zilizidi kuongezeka, na kama zingepotea, Desjardins angeweza kudaiwa yeye mwenyewe na familia yake ikaanguka. Wote wawili walijua hatari hiyo na waliibeba pamoja.

Hapo tujiulize, kina baba na kina mama: nyumbani mwetu, mwenzako anajua unadaiwa kiasi gani? Anajua unatuma kiasi gani nyumbani Afrika? Deni la siri ni kama shinikizo la damu. Sisi tunaohudumia wagonjwa tunalijua: halipigi kelele, mpaka siku linapomwangusha mtu.

Jambo lingine. Chama cha Lévis kilipotaka kumkopesha mtu, hakikuanza na ukubwa wa mali yake. Kiliuliza: ni mkweli? Ni mchapakazi? Majirani wanamfahamuje? Mithali inasema wazi kwamba jina jema lina thamani kupita mali nyingi. Pale Lévis, jina jema lilikuwa dhamana.

Habari hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1908, huku Marekani, mjini Manchester, New Hampshire, kulikuwa na wahamiaji kutoka Quebec waliofanya kazi katika viwanda vya nguo. Walikuwa na lugha yao na parokia yao, kama sisi. Padri wao, Pierre Hévey, alimwita Desjardins awasaidie, na hapo kikazaliwa chama cha kwanza cha kuweka na kukopa katika nchi hii. Kilianzia kwa wahamiaji wa kanisa moja.

Na sisi tunajua kusaidiana. Tuna upatu, tuna chama, ndugu zetu wa Congo wana likelemba. Lakini tunajua pia machungu yake: mtu anapokea zamu yake ya kwanza, kisha simu haipokelewi tena. Aliyebaki bila kodi ya nyumba anakimbilia duka la mikopo ya haraka, na riba inamla. Wapendwa, anayekula zamu ya mwenzake amefanya kile alichokikemea Nehemia. Na kama yupo katikati yetu, Nehemia alitoa pia njia ya kutoka: rudisha. Hata kidogo kidogo, rudisha.

Desjardins aliugua figo kwa miaka kadhaa, akaendelea na kazi yake kadiri alivyoweza. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1920, siku chache kabla ya kutimiza miaka 66. Aliacha vyama zaidi ya 100, mjane aliyeijua kazi yote, na jina ambalo watu waliliamini na pesa zao. Maisha ya namna hiyo ni marefu, kwa sababu yanaendelea kuwalisha watu wengine.

Wiki hii, kila familia ikae mezani na kuandika madeni yake yote, bila kuficha. Mwenye mzigo mzito asione haya. Awaone wazee wa kanisa baada ya ibada. Tutasikiliza, na siri yake tutaitunza.

Tuombe. Ee Mungu Baba, tufanye waaminifu katika kidogo ulichotupa. Wape nguvu wanaodaiwa, uwape toba waliodhulumu, uwaepushe watoto wetu na urithi wa madeni. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.